Tofali za nyuma: siku sita kutoka Denver mpaka Helena

Nijieleze kidogo kwanza maana kuna mtu atauliza huyu naye mambo ya matofali kayatoa wapi. Mi nimekulia kwenye tope. Baba alikuwa anafyatua na kuchoma tofali bondeni karibu na Tosamaganga, Iringa, nikaanza kumbebea maji toka darasa la 4, nikapanda nikawa saidia fundi, baadae fundi kamili na mwiko wangu, halafu maisha yakanileta Colorado nikaishia kuendesha forklifti kwenye ghala. Tofali sijashika miaka 11 sasa ila nikipita kwenye ukuta wa zamani lazima nihesabu kozi, yaani ile mistari ya tofali za kulala, mke wangu kashazoea ananiachaga tu.

Septemba hii shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kapata likizo ya wiki. Yeye ni dereva wa malori, yaani mtu wa kuendesha akipewa likizo anataka kuendesha. Akaniambia shem chagua njia, mi naweka mafuta. Nikachagua miji ya zamani ya wachimba dhahabu na fedha. Akacheka, akasema haya twende tukaangalie kuta.

SIKU YA 1, IJUMAA. DENVER

Tumeanzia hapahapa nyumbani. Watu tunakaa Denver miaka na hatujiulizi kwa nini mji mzima ni tofali, sio katikati tu, mpaka vile vinyumba vidogo vya vyumba viwili mtaani ni tofali. Shemeji alidhani ni mapenzi tu. Mapenzi wapi, ni moto. Mji ulianza 1858, mbao za msonobari tupu, na usiku wa Aprili 19, 1863 eneo la biashara likateketea. Baada ya hapo ikapitishwa sheria, ukijenga mjini jenga kwa tofali au jiwe, mbao basi. Mwaka uliofuata Mei mto Cherry Creek ukafurika, ukaondoka na ukumbi wa mji na ofisi ya gazeti iliyokuwa imejengwa kwenye mkondo wenyewe, hapo sasa hata tofali isingesaidia, umejenga kitandani kwa mto unategemea nini.

Tukaenda Blake Street namba 1514 kuona jengo la Barney Ford. Huyu alizaliwa mtumwa, akatoroka, akafika Denver akafungua biashara, ule moto wa 1863 ukamuunguzia kila kitu. Benki ya mzungu mmoja anaitwa Luther Kountze ikamkopesha dola 9,000 na mwaka huohuo akainua jengo la tofali, chini mgahawa. Lipo mpaka leo, limebanwa katikati ya majengo makubwa kama mtoto kwenye daladala. Nilisimama pale muda. Mtu katoka utumwani, kaunguliwa, na kabla mwaka haujaisha ana ukuta ambao umepita miaka 160. Picha yake ipo kwenye kioo cha rangi bungeni Denver, lakini mi ukuta ndo umenigusa zaidi.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho ndo kimenipeleka safari nzima. Haya majengo ya zamani usiyaangalie mbele. Mbele ni uso, uso kila mtu ananawa. Zunguka nyuma, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Mbele utakuta tofali laini, kingo zimenyooka, mstari wa mota, yaani ule mchanganyiko wa kushikisha tofali, mwembamba kama kamba, juu ya madirisha wameweka jiwe la kuchonga, na juu kabisa lile pambo zito limechomoza unadhani jiwe kumbe ni bati lililokunjwa likapakwa rangi. Nyuma sasa! Tofali za rangi tano, nyingine zimepinda kama mkate, nyingine nyeusi zimeiva mpaka zimekuwa kioo, nyingine zina rangi ya nyama ya samaki aina ya salmoni, hizo hazijaiva. Mi hizo nazijua. Kwenye tanuru la kupanga kama letu la Iringa, zilizo karibu na midomo ya kuni zinaungua, za katikati zinaiva vizuri, za pembeni na juu zinabaki nusu mbichi. Hakuna anayetupa. Mafundi wa hapa walichoma hivyohivyo, wanapanga rundo, wanaacha midomo chini, wanasukuma kuni siku na siku. Nzuri zinaenda mbele kwa mwenye nyumba, mbovu zinaenda ndani ya ukuta na nyuma kwa majirani.

Kichochoroni nimekuta ukuta wa tofali tatu unene, kila baada ya kozi sita za kulaza kwa urefu kozi ya saba wamegeuza tofali unaona kichwa tu, zile ndo zinashika ngozi ya nje na ya ndani zisiachane. Nikawa napima kwa futikamba nyeupe ya mke wangu ya kushonea. Akatoka jamaa wa jikoni na ndoo, akatuangalia watu wawili weusi tumekumbatia ukuta, akauliza kuna tatizo? Shemeji akamjibu ndugu yangu anapenda matofali. Jamaa akatikisa kichwa, akamwaga maji yake akaingia ndani.

SIKU YA 2, JUMAMOSI. GOLDEN NA CENTRAL CITY

Asubuhi Golden, nusu saa tu kutoka mjini. Hapa ndo tope lilipotoka. Udongo mfinyanzi wa Golden umechimbwa toka miaka ya 1870, na mashimo yake ni ya ajabu kwa sababu milima ilivyoinuka matabaka ya ardhi yakasimama wima, kama vitabu kwenye shelfu. Wachimbaji wakatoa udongo wote katikati wakaacha jiwe la mchanga limesimama pande mbili, kwa hiyo unapita kwenye korido ya mawe. Na kwenye hayo mawe kuna nyayo za dainosa, triceratops yule mwenye pembe tatu, zimetokeza kwa nje kama ngumi. Leo pale ni uwanja wa gofu, ila kuna kinjia cha watu wote. Niligusa udongo uliobaki kwenye ufa nikausugua na mate, unateleza kama sabuni, hauna mchanga mwingi. Baba angefurahi. Kwetu ilibidi tuchanganye.

Halafu tukapanda Central City, mita 2,600 hivi juu ya bahari, mji umebanwa kwenye korongo. Hadithi ni ileile. Mei 1874 moto, mji karibu wote ukaisha, lawama wakatupiwa Wachina waliokuwa wanaishi pale (kama kawaida mgeni ndo anaanza moto), na baada ya hapo jiwe na tofali tu. Teller House, hoteli ya tofali ya ghorofa nne ya mwaka 1872, ilibaki imesimama. Mlangoni pale 1873 Rais Grant wa Marekani alipokuja walimtandikia matofali ya fedha akanyage kutoka kwenye gari la farasi mpaka ndani. Shemeji akasema hiyo ndo tofali ya kufyatua.

Jumba la opera la 1878 ni jiwe, mafundi na wachimbaji kutoka Cornwall na Wales ndo walilisimamisha, mawe yamekaa vizuri mno mpaka sikuwa na la kusema. Ndani kuna kiti kimewekwa kwa kumbukumbu ya Clara Brown, mama aliyekuwa mtumwa, alikuja huku 1859 akafua nguo za wachimbaji, pesa akawa anatafutia mwanae aliyeuzwa mbali akiwa mtoto. Alikuja kumpata 1882, yeye mwenyewe mzee wa miaka 80 na kitu.

Kilichoniudhi ni kamari. Ilianza hapa 1991 baada ya kura, na sehemu nyingine wamebakiza uso wa mbele tu, ndani wamekomba wakaweka mashine za kuchezea. Nimezunguka nyuma kutafuta ukuta wangu nikakuta zege na maegesho. Haya.

SIKU YA 3, JUMAPILI. LEADVILLE

Kichwa kinauma. Mita 3,100 sio mchezo, ukipanda ngazi kumi unapumua kama umebeba mfuko wa simenti. Sasa fikiria wale waliobeba.

Tabor Opera House ilijengwa 1879 kwa siku 100. Ghorofa tatu, jiwe, tofali na chuma, na reli ilikuwa bado haijafika, imefika 1880, maana yake vyote vilivyotoka mbali vilipanda hii milima kwa mikokoteni. Horace Tabor alikuwa muuza duka aliyewapa wachimbaji wawili chakula na vifaa kwa makubaliano ya kugawana, wakapata madini ya fedha, akawa tajiri. 1893 serikali ikaacha kununua fedha, bei ikaanguka, akafilisika, akafa 1899 akiwa mkuu wa posta Denver. Jengo lenyewe lipo.

Ila mimi siku 100 zinanipa mawazo. Mota ya chokaa inakauka taratibu, inavuta hewa kidogokidogo, kwenye baridi ndo inagoma kabisa. Ukikimbiza ukuta wa ghorofa tatu kwenye vuli ya mita 3,100 unamuomba Mungu. Wao walikuwa na haraka maana mji wa madini hauna uhakika kama mwakani upo. Lile pambo la uso lilikuwa pia la kumwambia mgeni mwenye mtaji kwamba hapa tumekuja kukaa. Nyumba za mbao walikuwa wanaziongezea ukuta wa mraba mbele uzidi paa, ili kibanda kionekane ghorofa. Tofali nalo lilikuja likarithi tabia ileile, uso mkubwa mwili mdogo.

Kwenye kichochoro nyuma ya Harrison Avenue nimeona kitu nataka mafundi wenzangu mnisikilize. Kuna ukuta, sitasema wa nani, zamani mota yake ilikuwa chokaa na mchanga, laini unaikwangua kwa ukucha. Ikalika. Akaja mtu miaka ya nyuma akaziba viungio kwa simenti kavu ngumu, akajiona kamaliza. Sasa hivi simenti imesimama peke yake kama fremu za dirisha na tofali limerudi ndani sentimita 2, linatoka unga na maganda. Sababu ni maji. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia yanatokea kwenye viungio. Ukiziba viungio kwa simenti maji yanabaki ndani ya tofali, usiku yanaganda, barafu inatanuka, inabandua uso wa tofali. Na tofali la zamani lina ngozi moja tu ya moto, ukiitoa ile ngozi ndani ni biskuti. Niliweka kiganja chini ya tofali moja nikaligonga kwa kidole, mchanga mwekundu ukajaa mkononi. Kwetu nimefanya kosa hilohilo, nimeziba kwa simenti nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu nikalipwa na nikashukuriwa. Sijui sasa hivi anafagia mchanga kiasi gani.

Kuna pia zile nyota za chuma ukutani, unaziona sana. Watalii wanazipiga picha wanadhani mapambo. Ile ni bamba la kushikia ukuta, ndani kuna nondo ndefu imefungwa kwenye sakafu au imepita mpaka ukuta wa pili, ukuta ulikuwa unaanza kutoa tumbo wakaufunga mkanda.

SIKU YA 4, JUMATATU. NJIANI, WYOMING

Kuendesha tu. Tumeshuka milimani tukaishika barabara ya kaskazini, Cheyenne tukala, tukaendelea. Cheyenne reli ilifika Novemba 1867, na Juni 1870 ndo tawi lake likafika Denver, toka hapo mambo yakabadilika, vioo vikubwa vya dukani, nguzo za chuma, tofali za mashine, vyote vinashuka stesheni. Kabla ya reli mji unajengwa kwa kilichopo ndani ya siku moja ya ng'ombe. Baada ya reli unajengwa kwa katalogi, kile kitabu cha bidhaa cha kuagizia.

Tulipita Casper tairi likapasuka. Upepo ule unakung'oa kofia na kichwa. Shemeji kabadilisha dakika 15, mi nimeshika taa na kusema pole. Tumelala Sheridan, nimechoka, sijaangalia ukuta wowote.

SIKU YA 5, JUMANNE. MONTANA, HELENA

Tulisimama kamji kadogo kunywa kahawa na hapo ndo nimeiona katalogi yenyewe. Duka la tofali la ghorofa mbili, mbele nguzo nyembamba za chuma, na chini kwenye kisigino cha nguzo kuna kibandiko cha chuma chenye maandishi yaliyochomoza, Mesker Brothers, St. Louis. Hawa walianza 1879, unachagua uso wa jengo kwenye kitabu, unalipa, unaletewa kwa treni vipande vipande na misumari. Fundi wa hapa anajenga sanduku la tofali, anabandika uso. Shemeji akagonga nguzo ikalia ngoo, akagonga pambo la juu ya dirisha likalia debe. Ukuta wa pembeni, wa tofali za palepale, wala haukulia.

Helena mchana. Dhahabu ilipatikana 1864, barabara kuu inaitwa Last Chance Gulch na imepindapinda kwa sababu ilifuata kijito cha wachimbaji. Huu mji uliungua mara nyingi, mbaya zaidi ni Januari 1874, na juu ya kilima kuna mnara wa mbao wa mlinzi wa moto, kibanda kwenye miguu minne. Nacheka kidogo, mlinzi wa moto nae kakaa kwenye mbao.

Reeder's Alley ndo penyewe nilipopapenda. Louis Reeder alikuwa mwashi kutoka Pennsylvania, akajenga miaka ya 1870 vyumba vidogo vya tofali na mawe vimepanda mteremko, vya kupangisha wachimbaji. Huyu alijenga kama sisi tunavyojenga, pesa ikipatikana chumba, ikipatikana tena chumba. Mistari ya tofali haikutani vizuri kati ya chumba na chumba, unaona kabisa hapa alisimama, hapa akarudi. Hakuna uso wa katalogi, mbele na nyuma ni tofali moja. Nilikaa kwenye ngazi nusu saa. Shemeji akaenda kutafuta chakula akarudi na burger baridi nikala bila kulalamika.

Mama mmoja anayetembeza wageni akatuambia habari za tetemeko la Oktoba 1935, mawili makubwa mwezi uleule na mitikisiko midogo zaidi ya 1,000. Shule ya sekondari mpya kabisa ikabomoka. Tofali bila nondo ukilitikisa ni kama kutikisa sukari. Moto uliwafundisha kuacha mbao, halafu ardhi nayo ikaja na somo lake, na mbao ndo ingeyumba ikabaki.

SIKU YA 6, JUMATANO. MATANURU

Nje kidogo ya Helena kuna kiwanda cha zamani cha tofali, kilikuwa cha Kessler, mtengeneza bia, msimamizi wake Charles Bray aliyetoka Uingereza. Mwanae Archie alipenda sanaa, 1951 akaanzisha hapo mahali pa wafinyanzi, na kiwanda cha tofali kilipokufa 1960 wafinyanzi wakabaki mpaka leo. Matanuru yapo, ya duara yenye paa la kuba kama msonge, mengine kuba imeshuka katikati na majani yameota.

Nimeingiza kichwa kwenye moja nikaelewa kwa nini nyuma ya majengo ya baadae tofali zinafanana. Moto unawashwa kwenye midomo kuzunguka ukuta, unapanda kwa ndani unafika kwenye kuba, unakosa pa kutokea, unageuka unashuka katikati ya tofali zilizopangwa, unatokea kwenye matundu ya sakafu unaenda chini kwa chini mpaka kwenye bomba la moshi lililo nje. Tofali la juu na la chini wote wanapata. Ukuta wa ndani umepakwa kioo cha miaka, unang'aa kijani na kahawia.

Nikampigia baba video, kule usiku umeingia. Kamwene baba. Kamwene mwanangu. Nikamzungusha simu aone kuba, midomo, matundu ya chini, nikamweleza moto unavyotembea. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Akasema rudia, moto unashuka? Nikasema ndio baba, unashuka. Akasema hapana, moto haushuki, wewe umesahau kazi. Nikamwita shemeji aje athibitishe, shemeji akasema baba shikamoo, ni kweli unashuka. Marahaba. Huyo ni dereva, anajua nini.

Akaniambia nisogeze simu kwenye tundu la sakafu. Nimepiga magoti pale kwenye vumbi na simu shimoni dakika nzima, wazungu wawili wanapita na vyungu vyao. Baba anaangalia giza. Mwisho akauliza, sasa zile mbichi za juu wanapata wapi, za kujengea choo?